Jina Lako Lipo Mlangoni?

Ndugu zangu, wazazi na vijana, karibuni Forest. Au karibuni Vorst, maana ni mahali pamoja: Kifaransa Forest, Kiholanzi Vorst. Vibao vya mitaa huandikwa kwa lugha zote mbili, kwa hiyo ukitajiwa jina usilolijua, soma kibao chote kabla hujasema umepotea.

Tuanzie Place Saint-Denis, penye kanisa la kale na abasia. Pale hupita tramu, na hapa wazazi nisikilizeni vizuri. Kwenye kivuko cha mistari myeupe, gari lina wajibu wa kumpisha anayevuka kwa miguu. Tramu haina. Sheria ya Ubelgiji inaipa tramu nafasi ya kwanza hata pale, nayo haiwezi kusimama ghafla. Mtoto aliyezoea kuona magari yakimsimamia atadhani tramu itafanya vivyo hivyo. Mfundisheni leo, si wiki ijayo.

Tukielekea bustani ya Duden tunaufikia uwanja wa Union Saint-Gilloise, mabingwa wa Ubelgiji mwaka 2025 baada ya kungoja tangu 1935. (Vijana wanajua, wazee mtavumilia.) Mifuko mnayoiona mbele ya nyumba ni ya takataka: mweupe wa taka za kawaida, wa buluu wa chupa za plastiki na makopo, wa njano wa karatasi, wa rangi ya chungwa wa mabaki ya chakula. Siku za kuitoa hutofautiana mtaa kwa mtaa. Muulize jirani; ni sababu nzuri ya kumsalimu.

Sasa tazameni milango. Kando ya kengele kuna majina, na hayo si mapambo. Ukihamia nyumba una siku 8 za kazi za kutangaza anwani yako kwenye komini. Kisha polisi wa mtaa huja kuhakikisha kwamba unaishi hapo kweli. Asipoona jina lako kwenye kengele wala kwenye sanduku la barua, anaweza kuandika kwamba hukai hapo. Anwani ikikwama, kitambulisho kinakwama, na mambo mengi yanangoja kitambulisho hicho.

Najua kwa wengi wetu polisi mlangoni ni habari mbaya. Huyu mfungulieni, amekuja kuandika kwamba mpo. Mume na mke wenye majina tofauti, andikeni yote mawili, herufi kwa herufi kama yalivyo kwenye karatasi zenu. Kalamu, kadi na seloteipu zipo mezani pale. Aliye bado hana jina mlangoni achukue kabla ya chai.