Jina la Mfanyabiashara Kinywani mwa Umma

(Mazungumzo na walimu na watumishi wa umma, Igoma, Mwanza)



Nikiwa njiani kuja hapa nilimsikia kijana akinadi kituoni: "Bajaji, Kisesa, mmoja tu!" Chombo chenyewe kilikuwa cha kampuni ya TVS. Hakuna abiria aliyeshangaa. Bajaj ni jina la ukoo wa Kihindi. Jamnalal Bajaj, aliyefariki mwaka 1942, alikuwa mwandani wa Mahatma Gandhi katika kupigania uhuru wa India. Leo jina la ukoo huo hunadiwa katika barabara ya Musoma na watu wasiomjua mwenyewe, wala si kosa. Neno limevaa ngeli, limeshuka hadi herufi ndogo, limekuwa letu.

Kiwi nayo ni hivyo hivyo. Dawa hiyo ya viatu ilianza kuuzwa Melbourne, Australia, mwaka 1906, ikapewa jina la ndege wa New Zealand. Sisi tuliiunga na kitenzi "piga", kama tulivyofanya kwa simu, pasi na picha, tukapata kupiga kiwi. (Kiswahili tangu zamani kina kiwi cha macho, yaani mng'ao unaozuia kuona. Mwanafunzi atakayedhani viatu vilipata kiwi kutoka huko asichekwe.) Vijana wa sasa hawahitaji hata "piga": wamegugo, hawajagugo. Kamusi ya Kiingereza ya Oxford ilikipokea kitenzi hicho mwaka 2006. Kwa maoni yangu, mwalimu anayekikata kwa wino mwekundu katika insha ana haki, mradi aandike pembeni "kutafuta mtandaoni" na aeleze sababu.

Lakini, ndugu zangu, yapo majina yasiyostahili ukarimu huo. Panadol ni jina la kibiashara la dawa ya parasetamo. Mzazi akipewa parasetamo katika zahanati huweza kuona amepunjwa, akatoa fedha zake dukani kununua "Panadol yenyewe". Baya zaidi, aweza kumpa mtoto zote mbili, akidhani ni dawa mbili. Kumbe ni moja, na ikizidi kipimo huharibu ini. Bajaji inatuonyesha kitu, Panadol inakificha.

Ofisini nako yapo. Wavuvi wetu wa ziwani husema Yamaha wakimaanisha mashine ya mtumbwi, nao wana ruhusa. Afisa akiandika hivyo katika zabuni ya boti ya doria, amewafungia mlango watengenezaji wengine kwa fedha za umma. Kanuni za ununuzi zataka sifa zitajwe, kama vile nguvu ya mashine. Jina la kibiashara likilazimika, lifuatwe na "au inayolingana nayo".

Walimu wa Igoma nawaomba jambo moja. Wanafunzi walete paketi tupu za dawa kutoka majumbani, wasome darasani maandishi madogo yaliyo chini ya jina kubwa, kisha warudi wakawasomee wazazi.