Tuliyosema kikaoni: mchango wa kiti mwendo

Ndugu wanachama, kijana wetu ana Duchenne, ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli kidogo kidogo. Huwapata zaidi wavulana, na wengi hawatembei tena wakifika miaka 12 hivi. Hauambukizi. Wala hajarogwa, maneno ya kumnyooshea mama yake kidole tunaomba yakome, tena leo.

Dawa ya kuuponya haijapatikana. Steroidi na mazoezi ya viungo huupunguza kasi tu. Shuleni anabebwa mgongoni, na mama amechoka.

Tunachangia kiti mwendo kwanza, kitakachobaki ni nauli za kliniki. Asiye na kadi ya chama naye apokelewe. Siku ya kukabidhi hatutaki bendera. Mabalozi wapite na daftari. Mweka hazina atasoma hesabu hapa kila Jumapili jioni. Hata buku linapokelewa.