Mkutano wa Vijana Usiishie Ukumbini



Tangu mwaka 1992, kila tarehe 10 Oktoba dunia huadhimisha Siku ya Afya ya Akili. Imekuwa desturi kuwakusanya vijana: ukumbi hupambwa, mgeni rasmi husoma hotuba, kisha watu hutawanyika. Kijana mgonjwa hubaki pale pale alipokuwa.

Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba nusu ya maradhi ya akili huanza kabla mtu hajapita umri wa miaka 14. Huo ni umri wa darasani. Anayeyaona kwanza si daktari wa Mirembe, bali ni mwalimu. Naye asipofundishwa, atamwita mtoto mvivu na kumchapa.

Basi mkutano wenye maana uandaliwe hivi. Kwanza, wazungumze vijana waliougua, kwa hiari yao, na wakubwa wasikilize. Pili, wajumbe wasiondoke kabla ya kukubaliana mwanafunzi wa kila shule atamwendea nani, na zahanati ipi itampokea.

Uhaba wa madaktari usiwe kisingizio. Nchini Zimbabwe, mwaka 2006, Daktari Dixon Chibanda alianza kuwafundisha akina bibi wa Harare kuwasikiliza wenye dhiki, wakiketi nao kwenye benchi karibu na zahanati.

Wahenga walinena: mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mtoto huyaficha kwa kuogopa fimbo na kicheko. Kuiondoa hofu hiyo ndiyo kazi ya mkutano.