Zafanana, Lakini Haziingiliani

Juma hili nina barua ya mzee mmoja mstaafu, mwenye bastola ya silinda aliyorithi kwa marehemu baba yake. Leseni anayo, kwa jina lake. Anasema nyundo ya bastola hiyo imelika na springi imechoka. Fundi aliyemwonyesha kamwambia, “Mzee, hii ni Webley, toa fedha nikutafutie spea za Webley.” Sasa anauliza spea hizo zinapatikana wapi.

Shikamoo mzee wangu. Kabla hujatoa hata senti moja, hebu tuulizane: nani kasema hiyo ni Webley?

Watu wengi, wakiona bastola kongwe ya Kiingereza inayokunjika katikati ili kutoa maganda, huiita Webley. Kumbe huenda siyo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Uingereza lilitaka bastola nyepesi kuliko ile kubwa ya .455. Kampuni ya Webley & Scott ya Birmingham ikabuni ya .38. Serikali ikaichukua michoro, ikaipeleka kwenye kiwanda chake cha Enfield, ikafanyiwa mabadiliko, na mwaka 1932 ikatoka bastola iliyoitwa Enfield No. 2. Webley walikwenda kushtaki. Mwishowe tume ya kuwatuza wavumbuzi iliwapa pauni 1,250, yaani kifuta jasho.

Vita ya Pili ilipoanza, Enfield peke yake haikutosheleza, na serikali ile ile ikarudi kwa Webley kununua bastola yao wenyewe, Mk IV. Ndiyo maana leo tuna bastola mbili kama ndugu wa tumbo moja: risasi ni ile ile, umbo ni lile lile, ila ukizifungua vyuma vya ndani haviingiliani. Nyundo ya Webley haikai kwenye Enfield, labda fundi ailazimishe kwa tupa. Na hapo ndipo penye hatari.

Basi mzee, toa risasi zote, kaa penye mwanga, vaa miwani. Tazama ubavu wa kulia, chini ya nyundo. Ukikuta neno Enfield, siyo Webley. Ukikuta Albion, usishangae: ni kampuni ile ile ya Glasgow iliyotengeneza malori. Wakati wa vita ilipewa kazi ya kutengeneza bastola za Enfield.

Usiishie kwenye jina. Soma na alama zinazofuata, hata vinyota. Mk I ya mwanzo nyundo yake ina kisigino cha kuvutia kwa kidole gumba. Mwaka 1938 ikaja Mk I yenye nyota moja, nyundo haina kisigino, kwa sababu kilikuwa kikinasa ndani ya vifaru. Springi nayo ikabadilishwa. Tena nyingi za zamani zilirudishwa karakana zikageuzwa ziwe za nyota moja, kwa hiyo mwaka uliochapwa peke yake hautoshi.

Mwaka 1942 ikatoka yenye nyota mbili. Ili kazi iende haraka, waliondoa kile kizuizi kinachoikinga nyundo isigonge risasi bastola ikianguka. Baada ya vita ilibidi bastola hizo zikusanywe na kizuizi kirudishwe. Wamarekani nao walipata somo kama hilo. Mwaka 1944 bastola ya Smith & Wesson aina ya Victory ilianguka juu ya sitaha ya meli ya kivita, ikafyatuka, ikamwua baharia. Kampuni ikabuni kizuizi kipya mara moja.

Kwa hiyo, mzee wangu, kipuri kisicho chake si lazima kigome kuingia. Kinaweza kuingia vizuri sana, bastola ikapiga, kumbe ile kinga haifanyi kazi. Siku ikikuponyoka mkononi, mjukuu yuko sebuleni.

Sasa, wapi pa kupata? Webley waliacha kutengeneza silaha za moto mwaka 1979. Uingereza kwenyewe, sheria za mwaka 1997 zilipiga marufuku karibu bastola zote za raia. Soko lililobaki na uhai ni Marekani, kwa kuwa sheria yao ya mwaka 1968 inahesabu fremu ndiyo silaha, na vyuma vingine huuzwa kama bidhaa ya kawaida. Lakini kuvitoa nje ya nchi yao ni jambo jingine lenye vibali vyake, na kuviingiza huku vivyo hivyo. Anzia polisi, kwa wanaoshughulikia leseni, kabla ya kutuma fedha. India nako kiwanda cha Kanpur kimetengeneza bastola kwa kufuata Webley Mk IV, ila ni ya .32. Atakayekwambia “hizi ni sawasawa,” mshukuru kwa adabu, uondoke.

Ukishakipata kipuri chenyewe, kazi apewe fundi mwenye kibali, na akiimaliza akufungulie uone. Bastola ikiwa tupu, akuonyeshe kile kizuizi kikikaa mahali pake na kusogea pale tu kifyatulio kinapovutwa. Asipoweza kukuonyesha, usiipokee.

Tukutane juma lijalo.