Masomo ya Dominika: Nani Ayachague?

Wengine hutuuliza: kwa nini mhubiri asijichagulie somo la Dominika?

Hapo kale masomo ya Dominika yalirudi yale yale kila mwaka. Mwaka 1963 Mtaguso wa Vatikano wa Pili uliagiza waamini wafunguliwe zaidi hazina ya Biblia. Na mwaka 1969 Roma ikatoa mpango wa miaka mitatu: Mathayo, Marko, Luka, naye Yohane husomwa hasa katika Kwaresima na Pasaka.

Sisi katekista wenu wa Cimpunda twaijua faida yake. Tuligombana na jirani juu ya mpaka wa kiwanja, tukatamani kusoma habari za wevi, naye ameketi mbele yetu. Kumbe, ilikuwa Dominika ya 24 ya mwaka A: samehe sabini mara saba. Tulisoma, tukaona haya, tukampa mkono.

Je, udongo ukiporomoka na kubomoa nyumba? Somo hubaki, mahubiri ndiyo yatafute njia ya kuwafikia wenye kulia.

Ajichaguliaye hula akipendacho. Apangiwaye na Kanisa hula kimfaacho.