Ghala Kubwa Lataka Mlinzi

Mwezi Oktoba mwaka 2021, Rwanda ilitunga sheria ya kulinda taarifa za watu binafsi. Sheria hiyo inaagiza taarifa hizo zihifadhiwe ndani ya Rwanda, isipokuwa kwa mwenye cheti cha mamlaka inayohusika. Kenya na Uganda zilikuwa zimetunga sheria zao za kulinda taarifa mwaka 2019. Nchi inayoamua kuweka mali yake nyumbani haina budi kujenga ghala. Swali linalobaki ni ghala gani, kwa gharama gani, na chini ya ulinzi wa nani.

Kwa miaka mingi ghala la kompyuta lilikuwa diski ngumu, yaani sahani zinazozunguka kwa kasi chini ya kichwa kinachosoma. Diski ya chipu haina kitu kinachozunguka. Msingi wake ni uvumbuzi wa Fujio Masuoka, mhandisi wa Kijapani aliyekuwa katika kampuni ya Toshiba miaka ya 1980. Mwaka 1991 kampuni ya SunDisk ya Marekani ilitoa diski ya namna hiyo yenye megabaiti 20, kwa dola zipatazo 1,000. Kwa bei hiyo, terabaiti moja ingegharimu dola milioni 50. Mwaka 2018 kampuni ya Nimbus Data ilitangaza diski moja ya terabaiti 100, na mwaka 2020 bei yake ilikuwa dola 40,000, yaani dola 400 kwa kila terabaiti. Mwaka 2024 kampuni ya Solidigm ilitangaza nyingine ya terabaiti 122.

Faida zake hazina ubishi. Diski ya chipu hustahimili mtikisiko wa gari la doria katika barabara mbovu. Hutafuta alama ya kidole kati ya mamilioni kwa muda ambao diski ya sahani ingali ikizungusha sahani zake. Diski chache za namna hii hushika nafasi ya kabati zima, na hivyo kupunguza umeme na upozaji.

Lakini kila faida ina ushuru wake. Kwa ujazo ulio sawa, diski ya chipu bado ni ghali kuliko diski ya sahani mara kadhaa. Tena, ili kupata ujazo mkubwa kwa bei nafuu, viwanda hubana taarifa nyingi zaidi katika kila seli, na seli hizo huchakaa mapema zikiandikwa mara kwa mara. Rahisi yavunja upishi.

Hapa ndipo wenye dhamana ya ulinzi wanapotakiwa kuwa macho. Kwanza, diski ya chipu si sanduku la kufungiwa stoo na kusahauliwa. Kipimo kilichokubaliwa na viwanda ni kwamba diski ya vituo vikubwa, ikiisha kutumika kadiri ya uwezo wake, itunze kumbukumbu kwa miezi 3 tu bila umeme katika joto la sentigredi 40. Ushahidi wa kesi ya miaka mitano hauwezi kutegemea diski iliyochakaa, iliyolala kabatini. Pili, sumaku yenye nguvu iliyozoeleka kufuta diski ya sahani haifui dafu mbele ya chipu. Diski iliyotupwa ovyo yaweza kumpa adui majina ya kikosi kizima. Dawa yake ni kuandika taarifa kwa mafumbo tangu siku ya kwanza, na kuisaga diski inapostaafu. Tatu, kilichofutwa humo mara nyingi hakirudi. Basi mpelelezi anayekamata kompyuta na kuichezea bila utaalamu aweza kuua ushahidi kwa mkono wake mwenyewe. Nne, diski moja ikifa, hufa na kila kilichomo. Pasipo nakala ya pili mahali pengine, ukubwa wa diski ni ukubwa wa hasara.

Nchi jirani zimekwisha kuamua kwamba taarifa za raia ni mali ya kulindwa. Uamuzi huo ni wa busara, lakini bajeti inayotaja bei ya diski tu, bila nakala, umeme na mtaalamu, haijataja gharama. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari lenyewe ndilo mali, na mlinzi wake ni askari.