Kasoro Unayoijua, Iseme Kabla ya Kupokea Pesa

Mazungumzo yaliyoandaliwa kwa mabaraza ya wauzaji na wanunuzi wa magari yaliyotumika



Mada ya leo ni gari lililotumika, lakini hasa ni ulimi wa anayeliuza.

Chukulieni mfano wa mwalimu aliyekopa pesa katika chama chake cha ushirika ili apate gari la kumfikisha shuleni na la kumpeleka mamake kliniki. Anakutana na muuzaji, mtu anayeheshimika mtaani. Gari limeoshwa hadi ndani ya boneti. Injini ina moto tayari, ingawa mnunuzi ndiyo kwanza anafika. Mwalimu analizunguka, analiendesha hadi barabara kuu na kurudi, kisha anauliza, "Lina shida yoyote?" Muuzaji anajibu, "Mwalimu, si umeliendesha mwenyewe?"

Hapo hakuna neno la uongo. Lakini muuzaji anajua kwamba injini hiyo huchemka ikipanda mlima. Anajua kwamba asubuhi, ikiwa baridi, hutoa moshi, na kwamba oili nzito ilimiminwa juzi ili kuuficha. Wiki ya tatu gari linalala gereji. Mkopo nao unakatwa kwenye mshahara kila mwezi, gari litembee lisitembee.

Wapo watakaosema kwamba sokoni kila mtu ana macho yake. Hoja hiyo ina ukweli wake. Mkwaruzo, tairi lililokwisha na kiti kilichochanika ni vya mnunuzi kujionea. Lakini siri ya mtungi aijuaye kata. Aliyeishi na gari miaka minne anajua mambo ambayo mgeni hawezi kuyaona kwa nusu saa. Akinyamaza kwa sababu anajua kuwa akisema biashara itavunjika, kimya chake kimefanya kazi ya uongo.

Kuuza gari lenye kasoro si kosa. Gari bovu lina bei yake, na yuko fundi atakayelinunua akijua la kufanya. Kosa ni kuliuza bovu kwa bei ya zima.

Na kasoro nyingine hazimuumizi mnunuzi peke yake. Breki zinazoshika kwa kubahatisha au chesi iliyopinda katika ajali kisha ikafunikwa kwa rangi mpya huingia barabarani pamoja na gari. Mtoto anayevuka akienda shule na mwendeshaji wa bodaboda hawakuwepo bei ilipopatanwa.

Muuzaji mwaminifu naye huumia. Mwaka wa 1970, mwanauchumi Mmarekani George Akerlof, ambaye baadaye alishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka wa 2001, aliandika kuhusu soko hili hili. Alieleza kwamba mnunuzi asipoweza kutofautisha gari zima na bovu, huyapunguzia bei yote. Mwenye gari zuri huona afadhali abaki nalo, na sokoni hubaki mabovu. Basi anayeficha kasoro anamwibia mnunuzi, na anamharibia soko jirani yake.

Sheria nayo haiko kimya. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, habari anazozihitaji kuzihusu, na fidia anapopata hasara kutokana na kasoro. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka wa 2012 inahesabu kutotaja jambo muhimu, ikiwa kimya hicho kinapotosha, kuwa miongoni mwa njia za kumdanganya mnunuzi. Jedwali la Nne la Katiba nalo limezikabidhi kaunti jukumu la kusimamia biashara ya haki. Mwenye madai yasiyozidi shilingi milioni 1 anaweza kwenda katika Mahakama ya Madai Madogo.

Lakini mahakama ni njia ndefu kuliko sentensi moja ya kweli. Mnunuzi, njoo na makanika wako, na uombe kuwasha injini ikiwa baridi. Uliza maswali yako waziwazi, na majibu yaandikwe kwenye makubaliano. Muuzaji, orodhesha kasoro unazozijua, nyote wawili mtie sahihi, kisha mkabadilishe umiliki kupitia NTSA bila kuchelewa.

Muuzaji wa mwalimu angeweza kusema, "Mwalimu, injini huchemka mlimani." Bei ingeshuka, au mwalimu angeenda zake kutafuta gari jingine. Vyovyote vile, wakikutana kesho kituoni, wangesalimiana.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.